Jina Aliloliacha Jandoni

Siku ile ya harusi Nanganga walikuwepo hawa. Bi harusi alikuwa Zuhura binti Athumani, na mama yake Zuhura, Sofia, ni mtoto wa dada yangu, ndiyo maana nilialikwa. Jukwaani alikuwepo Somoe, mjukuu wangu, mtoto wa Rashidi wangu, yeye ndiye mwimbaji. Kushoto kwake Deo, kijana wa kwaya ya kanisani, mpiga kinanda. Kulia Hamisi wa Nambambo, mtoto wa jirani yangu marehemu Fatu, mpiga gitaa. Hao watatu ndio bendi ya Mchanyato. Kwenye viti vya wazee alikaa Mzee Bakari, aliyeingia jandoni pamoja na mtu ninayetaka kumweleza hapa. Na pembeni ya Mzee Bakari alikaa mtu huyo mwenyewe, kofia ameiweka juu ya goti.

Nitamwita Fundi. Majina ya watu nayajua. Kutoka Nambambo mpaka Kilimarondo niulizeni nani alimzaa nani, nitawaambia huku napepeta. Jina la Fundi nalijua pia, na anayo mawili, la utotoni na la ukubwani. Sitayataja. Nikitaja la ukubwani mtu atauliza la utotoni lilikuwa lipi, na siku hizi wa kumjibu ni wengi.

Alikuwa shemeji yangu, maana mkewe, marehemu Hadija, alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Kazi yake ilikuwa kuchonga ngoma na kuziwamba. Uani kwake ngozi zilitandazwa zimepigwa vigingi, za mbuzi na mara nyingine za kenge, na nzi walikuwa wa kwake wote. Hadija alikuwa akisema mimi sikuolewa na mtu, niliolewa na ngozi. Fundi alisikia, akaendelea kukwangua.

Ngoma mpya hakuipiga kwa kiganja. Aliigusa kwa ncha za vidole, akainamisha sikio kama anayesikiliza mgonjwa. Akiipasha moto wa majani makavu, mkono wake aliuweka katikati ya moto na ngozi, muda wote. Nilimuuliza kwa nini anajiunguza. Akasema ngozi inaungua kabla haijalalamika, mkono unalalamika mapema. Ile methali ya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka aliichukia. Alisema aliyeitunga hakujua kuwamba.

Shambani alikuwa mvivu, na hilo niliseme, kwa sababu watu wakipata huzuni hupenda kumfanya mwenzao malaika. Chini ya mikorosho yake nyasi zilifika kiunoni. Wenzake mabibo yalipoanguka yaliangukia mahali palipofyekwa, wakaokota korosho zao wamesimama wima. Yeye za kwake alizitafuta kwa kupapasa kama mtu aliyepoteza pete. Hadija akimtuma kupalilia ufuta, ukienda kumtazama unamkuta amekaa kwenye kivuli cha mgomba, jembe mapajani, analigonga kwa kijiti, tii, tii, anasikiliza chuma kinavyolia.

Msikitini hakukosa, lakini alikaa safu ya mwisho, karibu na viatu. Ijumaa moja Sheikh Mohamedi alihutubia habari za watu wanaoshughulika na ngoma mpaka wanasahau kaburi. Baada ya sala Fundi alimpa mkono akamwambia, "Sheikh, leo umenitaja bila kunitaja, Mungu akulipe." Wakacheka wote wawili. Mwaka uliofuata sheikh mwenyewe alimtafuta apige ngoma kwenye jando la wajukuu zake.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa. Ngoma ya jando, tangu nikiwa mama wa watoto wadogo, aliipiga yeye. Watoto wakienda porini walikwenda kwa mkono wake na wakirudi walirudi kwa mkono wake. Wanaume wengi wa Nachingwea na Ruangwa wenye mvi leo, mlio wa kwanza wa utu uzima wao ulitoka kwake.

Kusifu alikuwa hajui. Sifa yake ya juu kabisa ilikuwa neno moja: haijaoza. Umempikia mbaazi za nazi za kumwaga machozi, anasema haijaoza. Somoe akiimba mpaka mimi nasimamisha kinu, Fundi anakuna kidevu, anasema haijaoza, na wale vijana wanarukaruka kama wamepewa shamba.

Niseme sasa vijana walivyompata. Somoe alipomaliza kidato cha nne alikuja kukaa kwangu. Sauti yake ni ya kaswida, aliipatia madrasa. Deo alimfuata na kinanda chake cha betri na mapigo ya kwaya. Hamisi akaja na gitaa na kanda za marehemu baba yake, muziki wa dansi wa zamani, na nyimbo za ng'ambo ya Ruvuma alizokuwa akizinasa kwenye redio. Halafu wote watatu wanasikiliza singeli kwenye simu, ile mbio ya watu wanaofukuzwa. Wakaviweka vyote pamoja uani kwangu. Wao walikuwa na majina yao ya Dar es Salaam ya kuuita muziki ule, mimi siyawezi. Nilisema tu, huo ni mchanyato, mmetia ndizi, mmetia muhogo, mmetia na vya jirani. Deo akacheka, akasema bibi, jina la bendi limepatikana.

Ila ngoma yao ilitoka kwenye simu. Fundi alikuwa anapita na baiskeli yake nje ya ua, akasimama. Akauliza ni nani anayepiga. Hamisi akamwonyesha simu. Aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa kuku asiye na miguu.

"Hii haichoki?"

"Haichoki, babu. Hata ukikesha nayo."

"Basi siyo ngoma. Ngoma lazima ichoke, ndipo mchezaji ajue kupumzika."

Kesho yake alileta msondo, ile ngoma ndefu, na chapuo mbili ndogo, amezifunga kwenye kiti cha baiskeli kwa kamba ya katani. Tangu hapo akawa mtu wa nne wa bendi, ingawa ukimwita hivyo alikasirika. Alikaa nyuma yao, akapiga, akawazuia. Alimwambia Deo kinanda chake kinaongea kama mtu anayeogopa kukatizwa, kinyamaze kidogo. Alimwambia Somoe asiharakishe kufika mwisho wa neno. Juu ya kuchanganya hakuwa na neno baya. Alisema changanyeni, lakini muhogo msiutoe jikoni kwa sababu ndizi imeiva. Walianza kuitwa kwenye harusi, Nachingwea, Ruangwa, kwenye sherehe za kumtoa mwali, na mara moja waliitwa kwenye redio. Fundi alisema simu ni takataka, lakini niliwahi kumkuta amekaa kwenye kinu changu kilicholazwa, simu ya Hamisi sikioni, anajisikiliza mwenyewe anavyopiga. Aliponiona akasema anatazama saa.

Jambo moja tu aliwakataza. Siku moja Hamisi alipiga pigo la jando, alilisikia utotoni, akataka kulitia katikati ya wimbo. Fundi alilaza kiganja juu ya ngozi, mlio ukafa. Akasema, "Hii haina redio." Hakueleza zaidi, nao hawakurudia. Kwa hiyo walidhani wameshaujua mpaka. Walidhani mpaka ni pigo.

Hapa nieleze kwa wasomaji wasio wa huku. Zamani kwetu mtoto wa kiume alizaliwa akapewa jina, akalichezea, akatukaniwa kwalo, akaitiwa uji kwalo. Akienda jandoni analiacha kule. Siku ya kutoka kibanda kinachomwa moto, watoto wanakimbizwa bila kutazama nyuma, na mbele yao ngoma inalia na jina jipya linangoja. La zamani limeungua. Mtu akikuita kwalo amekurudisha kuwa mtoto asiyetahiriwa, na kosa hilo lilitolewa kuku au mbuzi, na wengine walishikana mapanga. Siku hizi watoto wanapelekwa zahanati wakiwa wadogo, au hata wakienda porini, jina la shule linabaki lile lile. Kwa hiyo vijana hawajui. Siwalaumu, nani angewaambia? Jambo lenyewe ni la kutosemwa.

Na kwa Fundi kulikuwa na zaidi. Alipokuwa jandoni mama yake alikufa. Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa miongoni mwa waliopeleka vyakula mpaka kwenye njia panda, ambako wanaume walivipokea. Desturi ni kwamba mtoto aliye jandoni haambiwi msiba. Basi dada yake, Mwanahawa, alikuwa anapika ugali na kunde kila siku kama alivyopika mama yao, na chumvi kama ya mama yao, na chakula kilikwenda. Fundi alikula kule porini akijua mama amempikia. Akatoka, kibanda kinaungua mgongoni kwake, amepewa jina la kiume, akafika nyumbani akakuta nani anamtazama? Mwanahawa peke yake, amenyolewa nywele. Aliyemwita mara ya mwisho kwa jina la kwanza alikuwa mama, asubuhi ile ya kwenda. Jina na mama viliondoka pamoja. Haya aliniambia Mwanahawa. Fundi hakuwahi kuniambia lolote.

Mwanahawa sasa yuko Kilimarondo kwa mwanawe, kule ambako watu wanalala mashambani kufukuza tembo. Ni mzee, akili inakwenda na kurudi. Somoe alikwenda kule na simu yake, maana bendi ilikuwa inatafuta sauti za zamani za kutia kwenye nyimbo. Mwanahawa akamwimbia wimbo aliokuwa akimbembelezea mdogo wake mgongoni. Ndani ya wimbo kuna jina, linarudi na kurudi. Somoe akamuuliza huyu ni nani, bibi. Akajibu, ni mdogo wangu, hataki kulala. Somoe akahesabu mwenyewe nani ni mdogo wake Mwanahawa, akafurahi mpaka akalia. Akasema tumepata zawadi ya babu Fundi. Mimi hakuniambia, alitaka iwe ghafla.

Ndipo nirudi Nanganga. Siku zote Fundi ndiye aliyepiga msondo, lakini siku ile Somoe alimwomba akae na wazee, apumzike, kuna kitu chake. Hamisi akaweka gitaa chini, akakaa kwenye msondo. Deo akaanza polepole. Somoe akashika kipaza sauti akasema wimbo huu ni wa babu yetu aliyetulea, simameni tumpigie makofi. Watu wakapiga. Kisha akaimba, kwa sauti ile ya kaswida, na jina likatoka.

Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniumiza, ulikuwa mzuri kuliko zote. Vijana walishika kiitikio mara moja, kwa sababu ni neno moja tu na linabembea. Lakini kwenye viti vya wazee nilimwona Mzee Bakari ameokota fimbo yake. Wanawake wa rika langu walivuta kanga midomoni. Fundi hakuinuka. Alivaa kofia yake, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akaangalia viganja vyake.

Nikaenda jukwaani. Nikamvuta Somoe gauni. Yeye akadhani nakuja kumtunza, akatabasamu, akainama aniletee paji la uso nimbandike noti. Nikamwambia sikioni, nyamaza, unamvua nguo. Hakusikia, ngoma ilikuwa juu.

Alipoelezwa usiku ule alitaka kufa. Asubuhi tulikwenda kwa Fundi, yeye, Deo, Hamisi na mimi, na kuku, na unga kwenye ungo, kama inavyotakiwa. Mzee Bakari alikuwepo kusimamia. Somoe alipiga magoti, akasema hakujua, akasema ataufuta wimbo. Deo, ambaye hajui kuficha, akasema ukweli: umeshatoka, watu walirekodi, uko kwenye simu mpaka Lindi, na kuna studio moja ya Dar imepiga asubuhi, inautaka huo huo. Somoe akamkanyaga mguu.

Fundi alipokea kuku. Akachukua unga kidogo, akajipaka kwenye paji, akampaka na Somoe. Mzee Bakari akasema basi, limekwisha, mila imelipwa. Fundi akasema hakuna deni.

Nilidhani limekwisha kweli. Lakini ulipofika msimu wa jando, mavuno yameingia, wazee walikwenda kumchukua, akakataa. Mzee Bakari alinipitia nikasaidie kusema. Tulimkuta anafungua ngozi za msondo, kigingi kimoja kimoja. Mzee Bakari alikuwa amechoka, akamwambia kwa ukali kwamba unga ulipakwa, kuku ameliwa, anataka nini tena.

"Sitaki kitu, Bakari. Wewe ukipita sokoni wanakuitaje?"

"Wananiita Mzee Bakari."

"Mimi wananiita mtoto. Wapole, wananipa na mkono. Sasa mtoto asiyetahiriwa apige ngoma ya jando, umeona wapi?"

Mzee Bakari akasema hao hawajui wanalosema. Fundi akasema ndiyo, lakini yeye anajua wanalosema. Akang'oa kigingi kingine. Jando la mwaka ule lilipigiwa ngoma na mtu kutoka Masasi, na watu walisema alipiga vizuri.

Vijana nao walijaribu, niwatetee. Waliikataa studio. Kwenye maonyesho waliuacha wimbo ule kabisa, watu wakaudai, wakagoma kucheza nyingine. Ndipo Somoe akafikiri njia ya katikati: waupige, lakini mahali pa jina wanyamaze wote, kinanda, gitaa, ngoma, pengo tupu. Walianza hivyo Ruangwa, uwanjani, mimi nilikwenda kuona. Wimbo ukafika mahali pake, wote watatu wakanyamaza. Na uwanja mzima, wake kwa waume, ukalijaza lile pengo kwa sauti moja. Walilipenda kuliko mwanzo. Somoe aliteremka jukwaani wimbo haujaisha, akaja kuweka kichwa mapajani kwangu mbele za watu kama mtoto mchanga. Tangu siku hiyo hawajaupiga tena, lakini wimbo hauwahitaji wao tena.

Fundi sikumwona tena kwa muda mrefu. Alihamia kwa binti yake upande wa mjini. Nilisikia hawambi ngoma tena, nilisikia anakaa tu. Kisha mwezi uliopita nilikwenda hospitali kwa ajili ya macho. Nimekaa kwenye benchi la wanawake, nikamwona upande wa pili, amekonda, kofia imemzidi. Nilimpungia, akanitazama bila kunifahamu, au alinifahamu akachoka kuinua mkono.

Kijana wa dirishani aliita jina lake la ukubwani. Fundi hakugeuka. Akaita tena, na jina la baba yake. Nikawa nainuka nikamguse bega. Kijana akachungulia, uso ukamng'aa. Akamwambia mwenzake, si ndiye yule mzee wa wimbo? Kisha akamwita kwa lile jina la kwanza, kwa upole kabisa, akilivuta kama Somoe anavyolivuta.

Fundi akasimama. Akasema, "Labeka."

Wenye umri wangu wanajua, hivyo ndivyo mtoto anavyomwitikia mama. Na hakutazama dirishani alikoitwa. Aligeuka kwenye mabenchi yetu, ya wanawake, akapita sura moja baada ya nyingine, polepole, anatafuta. Alipofika kwangu akapita pia. Watu wawili watatu walitabasamu. Kijana akasema huku, mzee, huku. Nikamshika mkono, nikampeleka. Kiganja chake kilikuwa bado kigumu kama ubao. Njiani akaniuliza kama aliyemwita ameshaondoka, kwa sauti ya kawaida tu. Nikamjibu, ameondoka, shemeji.

Sijui kama ni uzee uliompata dada yake ndio umemfikia naye, au ni kitu kingine. Nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka. Mliokuwepo Nanganga, na nyinyi wa Nambambo mliomjua, kama nimemweka mtu kwenye kiti kisicho chake, kama ngozi ilikuwa ya mbuzi nikasema kenge, nisahihisheni, nitafurahi. Nisahihisheni lolote. Mkifika kwenye jina, niacheni.